Maneno Haya ni ya Nani? Kupanga marejeo ya makala kwa mifano ya Lubumbashi

Orodha ya marejeo ndiyo sehemu ya makala tunayoiandika mwisho, tukiwa tumechoka na tarehe ya kutuma mswada imefika. Tunaichukua kama kazi ya alama tu: mkato hapa, nukta pale, mwaka ndani ya mabano. Katika somo hili nataka kuonyesha kwamba kabla ya alama kuna swali zito zaidi: maneno haya ni ya nani? Kwetu tunaoandika juu ya Kiswahili cha Lubumbashi, swali hilo halina jibu jepesi. Miongozo ya majarida haikutungwa kwa kutazama majina yetu, mji wetu uliobadilishwa jina, wala watu tunaowarekodi mitaani. Kwa hiyo nitachukua kazi chache zinazojulikana kitivoni, nionyeshe namna ya kuziandika, na kila mara nitoe sababu. Mwanafunzi anayejua sababu ataweza kuhama kutoka mtindo wa jarida moja hadi mwingine bila kupotea.

1. Kazi mbili za rejeo

Rejeo lina kazi mbili. Ya kwanza ni kumfikisha msomaji pale ulipoyaona maneno: kitabu kile, toleo lile, ukurasa ule. Ya pili ni kumpa mwenye maneno haki yake. Mara nyingi kazi hizi mbili zinaenda pamoja, lakini kuna mahali zinaachana, na hapo ndipo mwandishi anapaswa kuamua.

Katika mtindo wa mwandishi na mwaka, rejeo la ndani ya matini ni fupi: (Polomé 1968: 20). Neno lake la kwanza ni lazima liwe neno la kwanza la ingizo katika orodha. Ukiandika Polomé ndani ya matini, msomaji ataenda herufi P, na hapo akute Polomé, si jina la mhariri wala jina la jarida. Kanuni hii moja inaeleza karibu kila kitu kinachofuata.

Jaribio la rejeo ni rahisi. Mpe mwenzako asiyeijua mada yako. Kama anaweza kuufikia ukurasa wenyewe bila kukuuliza neno, rejeo limefanya kazi.

2. Kutoka tanbihi hadi mwandishi na mwaka

Wengi wetu tumefundishwa kuandika TFC na memwari kwa desturi ya Kifaransa: marejeo chini ya ukurasa, jina la mwandishi kwa herufi kubwa, halafu Ibid. na op. cit. Majarida mengi ya isimu, na yale yanayopokea makala za Kiswahili, kama Swahili Forum la Leipzig au Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yamezoea mwandishi na mwaka. Tazama makala ileile moja katika mitindo miwili. Kwanza kwa desturi ya tanbihi:

POLOMÉ (E.), « Lubumbashi Swahili », Journal of African Languages, 7, 1, 1968, p. 14-25.

Sasa kwa mtindo wa APA, ule wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani, ambao siku hizi unatumika mbali zaidi ya saikolojia:

Polomé, E. (1968). Lubumbashi Swahili. Journal of African Languages, 7(1), 14–25.

Habari hazikubadilika. Kilichobadilika ni mpangilio: mwaka umepanda mpaka karibu na jina, kwa sababu jina na mwaka ndivyo vinavyolibeba rejeo la ndani. Alama za kunukuu zimeondoka. Jina la jarida na namba ya juzuu huandikwa kwa herufi za mlazo, na namba ya toleo huwekwa ndani ya mabano bila mlazo. Kichwa cha makala hakilazwi, kwa sababu kilichochapwa kama kitu kizima ni jarida, si makala. Ukiifahamu sababu hiyo hutauliza tena ulaze nini: laza jina la kitu kinachokaa peke yake kwenye rafu ya maktaba.

Faida ya kuacha op. cit. inaonekana pale mwandishi mmoja anapokuwa na kazi nyingi. Johannes Fabian aliyefundisha Lubumbashi katika miaka ya 1970 ni mfano mzuri. Alichapisha Language and Colonial Power mwaka 1986 na Remembering the Present mwaka 1996. Mwaka 1990 peke yake alichapisha vitabu viwili vinavyotuhusu moja kwa moja: History from Below na Power and Performance. Ukiandika « Fabian, op. cit. » kwenye ukurasa wa 40, msomaji atajuaje ni kipi kati ya hivyo vinne? Hata (Fabian 1990) haitoshi. Hapo tunaongeza herufi kwa kufuata alfabeti ya vichwa: History ni 1990a, Power ni 1990b. Herufi hizo zinaandikwa mahali pote pawili, ndani ya matini na katika orodha.

3. Yav au Fabian?

Sasa tufike kwenye kiini. History from Below ni kitabu kilichotolewa na John Benjamins, Amsterdam, mwaka 1990. Ndani yake kuna andiko lililotungwa mjini hapa mwaka 1965 kwa Kiswahili cha hapa: Vocabulaire de ville de Elisabethville. Aliyeliandika ni André Yav. Linasimulia historia ya mji kwa jicho la watumishi wa nyumbani, maboyi kama walivyoitwa. Fabian alilihariri, akalitafsiri, akaandika insha ya kulifafanua. Kalundi Mango alimsaidia, na kazi yake si ndogo: andiko lile lilikuwa gumu kusomeka kwa macho, maneno yake hayakutenganishwa kama tulivyozoea, na kulisoma kwa sauti ndiko kulikofungua maana. Walter Schicho aliongeza maelezo ya kiisimu. Kwa hiyo katika jalada moja kuna sauti za watu wanne.

Mwanafunzi ananukuu sentensi ya boyi wa Elisabethville, kisha anaandika mwishoni: (Fabian 1990: 70). Kwa kazi ya kwanza ya rejeo, amefaulu, maana msomaji atakifikia kitabu. Kwa kazi ya pili, amemnyang'anya Yav maneno yake na kumpa profesa wa Amsterdam. Na kwa kuwa msomaji wa haraka anatazama mabano tu, ataondoka akiamini kwamba historia hiyo ya mji wetu ilisemwa na mgeni.

Dawa ni kutenganisha. Maneno ya Yav yawe na ingizo lake chini ya Y:

Yav, A. (1990). Vocabulaire de ville de Elisabethville. Katika J. Fabian (mh.), History from Below: The "Vocabulary of Elisabethville" by André Yav, kwa msaada wa Kalundi Mango na maelezo ya kiisimu ya W. Schicho. John Benjamins. (Andiko la kwanza 1965).

Ndani ya matini, APA huruhusu miaka miwili kwa kazi iliyochapwa upya: (Yav, 1965/1990). Mtindo wa Chicago huandika (Yav [1965] 1990). Mwaka wa kwanza unamwambia msomaji maneno yalisemwa lini, yaani miaka mitano tu baada ya uhuru. Wa pili unamwambia ameshika kitabu gani. Ukiacha 1965, mtu atadhani Yav anakumbuka ukoloni akiwa katika Zaire ya 1990, na hoja yako yote juu ya kumbukumbu itapinda.

Ukijadili ufafanuzi wa Fabian, hapo andika Fabian 1990a bila wasiwasi, maana hayo ni maneno yake. Ukitumia maelezo ya kiisimu, andika Schicho 1990, nayo iwe na ingizo lake. Andiko hilohilo lipo pia kwenye intaneti, katika Archives of Popular Swahili. Kama hilo ndilo ulilosoma, sema hivyo na utoe anwani yake, kwa sababu namba za kurasa za kitabu hazitamsaidia msomaji aliye mbele ya skrini. Kanuni ni kutaja kile ulichokishika mkononi mwako.

Angalia jambo jingine dogo. Mhariri anayejua Kifaransa cha shule ataona « de Elisabethville » na kutaka kusahihisha iwe « d'Élisabethville ». Usimruhusu. Kichwa cha kazi huandikwa kama mwenyewe alivyokiandika. Ndivyo ilivyo pia kwa nukuu: tahajia ya Lubumbashi haigeuzwi kuwa Kiswahili sanifu ndani ya alama za kunukuu. Ukitaka kumsaidia msomaji wa Zanzibar au Nairobi, weka tafsiri chini yake na uandike « tafsiri yangu ».

Hali hii hairudii kwa Yav tu. Remembering the Present ya 1996 imejengwa juu ya picha na masimulizi ya mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, na jina lake limo katika ukurasa wa kichwa kwa kazi hiyo. Ukinukuu alichosema juu ya picha yake, andika (Tshibumba, katika Fabian 1996), kisha ongeza ukurasa.

4. Majina yetu na mkato

Kwa nini majina ya Wazungu hugeuzwa katika orodha? Walter Schicho anakuwa « Schicho, Walter » kwa sababu jina la ukoo, ambalo ndilo la kupangia alfabeti, linakuja mwisho anapoitwa. Mkato ni alama ya kwamba jina limegeuzwa. Haumaanishi kitu kingine.

Tukijua hivyo, mengi yanakuwa mepesi. Mwaka 1981 Schicho alitoa pamoja na Mbayabo Ndala kitabu kuhusu kundi la maigizo la Mufwankolo. Mbayabo ndilo neno la kwanza la jina na ndilo la kupangia. Halikugeuzwa, basi halina mkato:

Schicho, W., na Mbayabo Ndala (1981). Le Groupe Mufwankolo. Afro-Pub.

Ukiandika « Ndala, M. » umemtengeneza mtu mwingine. Vilevile mwanahistoria wetu Donatien Dibwe dia Mwembu, mwandishi wa Bana Shaba abandonnés par leur père (2001). Programu ya kompyuta ikiachwa ifanye kazi peke yake itachukua neno la mwisho na kuandika « Mwembu, D. D. ». Lakini dia ni kiunganishi, ndugu wa la yetu. Huwezi kukata jina katikati ya kiunganishi, kama usivyoweza kukata « jiwe la mlima » ukabaki na « mlima, jiwe la ». Andika: Dibwe dia Mwembu, D. (2001). Mkato uko mbele ya D. kwa sababu Donatien ndilo lililohamishwa.

Siasa nayo imeacha alama katika orodha zetu. Kuanzia 1972, wakati wa siasa ya « authenticité » ya Mobutu, majina ya Kikristo yalipigwa marufuku, na waandishi walisaini kwa majina mengine. Valentin-Yves Mudimbe alikuwa Vumbi Yoka Mudimbe. Herufi V. Y. zinafaa kwa yote mawili, kwa hiyo yeye hatusumbui. Georges Ngal anasumbua zaidi: Giambatista Viko, riwaya iliyotoka hapa Lubumbashi mwaka 1975, ilibeba jina la Mbwil a Mpaang Ngal, na kazi nyingine zake zinabeba la Georges. Mpangaji asiyejua atakuwa na waandishi wawili. Mimi napendekeza hivi: andika jina kama lilivyo kwenye kitabu ulichosoma, kisha weka mstari wa kuelekeza chini ya jina lile lingine, « Ngal, Georges: tazama pia Ngal, Mbwil a Mpaang ». Chicago inaruhusu maelekezo ya namna hii. Mahali ambapo mwongozo hauruhusu, maneno machache katika tanbihi ya kwanza yatatosha.

Hatupaswi kudhani shida ya majina ni ya Kongo peke yake. Vincent de Rooij, aliyechunguza mazungumzo ya Kiswahili na Kifaransa ya Shaba, ni Mholanzi, na kwao hupangwa kwenye R: « Rooij, V. A. de ». Filip De Boeck ni Mbelgiji, na kwao De ni sehemu ya jina, basi hupangwa kwenye D. Katika Kiswahili cha pwani, Shaaban Robert alikuwa Shaaban bin Robert, yaani Robert ni jina la baba yake. Hata hivyo orodha nyingi humweka kwenye R, nyingine kwenye S. Kila jina lina desturi ya kwao. Kazi yako ni kuiuliza desturi hiyo, kuchagua umbo moja, na kulifuata toka mwanzo hadi mwisho wa mswada.

Neno moja juu ya « na wenzake ». APA ya sasa, toleo la 7, inataka kazi ya waandishi watatu au zaidi itajwe ndani ya matini kwa jina la kwanza na « na wenzake » toka mara ya kwanza. Waandishi wakiwa wawili, wote hutajwa daima. Kwa hiyo kuandika (Schicho na wenzake 1981) ni kosa mara mbili: ni kinyume cha mwongozo, na kinamfuta Mbayabo Ndala. Hata pale mwongozo unaporuhusu kufupisha, orodha ya mwisho lazima itoe majina: APA inakubali mpaka 20.

5. Mji, chuo na lugha vilivyobadili majina

Elisabethville ikawa Lubumbashi mwaka 1966. Katanga ikawa Shaba wakati wa Zaire, ikarudi Katanga mwaka 1997, na tangu 2015 tuko Haut-Katanga. Chuo chetu kilifunguliwa 1956, kikamezwa na Université Nationale du Zaïre mwaka 1971, kikawa Université de Lubumbashi mwaka 1981. Je, memwari ya 1976 iandikwe ni ya chuo gani?

Jibu: chuo kama kilivyoitwa mwaka ule. Andika « memwari, Université Nationale du Zaïre, kampasi ya Lubumbashi, 1976 ». Ukiandika UNILU, anayetafuta katika katalogi ya zamani hataiona, na utakuwa umekitaja chuo kabla hakijapata jina hilo. Vivyo hivyo kwa mahali pa kuchapia: kitabu cha 1958 kilichapwa Elisabethville. Kama msomaji wako ni wa mbali, ongeza jina la sasa katika mabano ya mraba: Elisabethville [Lubumbashi]. Mabano ya mraba yanasema, « hili nimeongeza mimi ». Kumbuka pia kwamba APA toleo la 7 haitaki tena mahali pa kuchapia vitabu. Ukiandikia jarida la APA, mji utatoka kwenye orodha. Basi kama mji una maana katika hoja yako, utaje ndani ya matini.

Lugha yenyewe ina majina mengi katika vichwa vya kazi: Lubumbashi Swahili kwa Polomé, Shaba Swahili kwa de Rooij, na katika maandishi ya zamani zaidi, Kingwana. Usibadili kichwa cha mtu ili kilingane na jina unalolipenda. Katika maneno yako mwenyewe chagua jina moja na ulieleze mara moja. Lakini pale jarida linapokuomba maneno ya msingi, weka majina mengine pia. Mtafiti wa kesho atatafuta kwa jina analolijua yeye.

6. Waliosema Kampemba

Mpaka hapa tumezungumza juu ya vitabu. Kazi zetu nyingi, hata hivyo, hazitoki vitabuni. Mwanafunzi anachukua simu yake, anaenda Bel-Air au Hewa Bora katika komini ya Kampemba, anarekodi mazungumzo ya mama anayeuza mboga, ya fundi wa gari, ya wazee wanaokumbuka mji wa zamani. Anarudi na saa 6 za sauti, na hizo ndizo nguvu za makala yake. Halafu anafika kwenye orodha ya marejeo.

APA huyaita maneno hayo mawasiliano binafsi, na kanuni yake ni kwamba hayaingii katika orodha, kwa sababu msomaji hawezi kuyafikia. Yanatajwa ndani ya matini tu, kwa jina na tarehe. Sababu ina mantiki. Matokeo yake kwetu ni haya: makala yenye mifano 50 kutoka Kampemba inaishia na orodha isiyo na mtu hata mmoja wa Kampemba. Wenye lugha wanakuwa « mzee mmoja » na « mama fulani », wakati kila aliyeandika juu yao ana mwaka, mji na herufi za mlazo. Ni kosa lile la Yav, ila safari hii tunalifanya sisi wenyewe.

Usipigane na mwongozo. Ongeza orodha ya pili, ya rekodi, kama kiambatisho. Isimu inaikubali desturi hiyo kwa sababu rekodi ni data. Kila ingizo liwe na alama yake, msemaji, mahali, lugha, tarehe, muda, aliyerekodi, na mahali sauti inapotunzwa. Mfano niliotunga:

KMP-03. Mwanamke, muuza mboga, Hewa Bora, komini ya Kampemba. Mazungumzo kwa Kiswahili, yenye Kifaransa kidogo. Tarehe 12, mwezi wa tatu 2024, dakika 40. Alirekodi mwandishi; sauti iko kwa mwandishi, nakala kwa msimamizi.

Ndani ya matini utaandika (KMP-03, dakika 12), na msomaji atajua wapi pa kwenda. Dakika inafanya kazi ya ukurasa.

Je, jina la msemaji liandikwe? Hilo si la kuamua mezani. Muulize mwenyewe kabla ya kufunga simu: « Mama, katika kazi hii jina lako tuliandike namna gani? » Wengine watataka jina lote, na watafurahi kuliona. Wengine wamekuambia jambo juu ya mwajiri, jirani au kiongozi, na jina linaweza kuwaletea matata. Hao wapewe alama, na karatasi inayounganisha alama na jina ikae mbali na mswada. Ukimficha mtu aliyependa kutajwa, umemnyima haki yake. Ukimtaja aliyeogopa, umemweka hatarini. Katika memwari na katika makala, andika sentensi moja kueleza umefanyaje.

Kundi jingine linalosahauliwa ni wanafunzi waliotutangulia. TFC na memwari zao hazikuchapwa, lakini zina orodha za maneno na mazungumzo ambayo hayapatikani kwingine. Kutochapwa si ruhusa ya kuchukua bila kutaja. Andika jina, mwaka, kichwa, aina ya kazi, chuo, na maktaba ulikoiona.

7. Vyombo na ukaguzi

Njia nafuu ya kuokoa muda ni kukusanya habari siku ileile unaposoma. Piga picha nne kwa simu: jalada, ukurasa wa kichwa, mgongo wa ukurasa huo, ambapo mwaka na mchapishaji huandikwa, na ukurasa unaonukuu. Fotokopi nyingi zinazozunguka mkononi mwetu zinaanzia sura ya kwanza, hazina jina wala mwaka; ukipata moja, andika habari zake juu ya karatasi ya kwanza kabla ya kuipitisha kwa mwenzako.

Programu ya Zotero ni ya bure na inabadili mtindo wa orodha nzima kwa mara moja. Ina sehemu mbili za jina, la ukoo na la kuitwa. Kwa majina kama Mbayabo Ndala au Tshibumba Kanda Matulu, badili sehemu hizo ziwe moja, uandike jina zima. Programu haitaligeuza wala kulikata. Kila kinachoingizwa chenyewe kutoka intaneti kikague, hasa majina yenye dia, a, de na wa.

Programu za kompyuta zinazojibu maswali na kutunga maandishi zina hatari yake. Zinaweza kukupa mwandishi wa kweli, jarida la kweli, mwaka unaofaa, na makala isiyokuwepo. Alama zote zitakuwa mahali pake. Ndiyo maana nilisema mwanzoni kwamba alama si kazi yenyewe. Ingizo lolote ambalo hukuliona kwa macho yako, kitabuni au katika katalogi ya maktaba, lisibaki katika mswada.

Kabla ya kutuma, fanya ukaguzi wa pande mbili. Chapa mswada kwenye karatasi. Soma matini, na kila ukikuta mabano yenye mwaka weka alama kwenye ingizo lake katika orodha. Ingizo lisilo na alama liondolewe. Mabano yasiyo na ingizo yatafutiwe. Linganisha miaka na tahajia: Polomé mwenye lafudhi ndani ya matini asiwe Polome katika orodha. Kisha usome mwongozo wa jarida mara ya mwisho. Unaposema jambo, ufuate hata kama huupendi. Unaponyamaza, amua mwenyewe, na umwandikie mhariri mistari miwili ukieleza kwa nini umempanga Dibwe dia Mwembu kwenye D na Yav kwenye Y. Mhariri akijua sababu, mwenye kupanga kurasa hatasahihisha kisichokuwa kosa.

Zoezi

Chukua kurasa tano za memwari yako. Kwa kila nukuu andika pembeni mambo mawili: nani alisema, na nani umemtaja. Pale ambapo majina hayafanani, amua kama rejeo libadilike au liongezewe « katika ». Halafu hesabu watu waliosema kwa midomo yao ambao hawana mstari wowote mwishoni, na uandike ingizo la kwanza la orodha yao ya rekodi.